Langalanga, Rali na Mashine ya Presha

Jumatatu, 4 Machi

Kuna namna. Sijui ni namna gani, lakini ipo.

Nimerudi nyumbani jioni nikawakuta jikoni, mke wangu na mdogo wake wa kiume, wananong'ona. Huyu Shemeji alikuja kwetu mwaka jana kulala siku mbili tatu huku akitafuta chumba. Bado anatafuta. Nilipotokea mlangoni, kimya! Mke wangu akaniuliza kama nimechoka. Shemeji akaanza kusifia sufuria. Nani husifia sufuria? Mtu mwenye lake jambo.

Halafu chakula. Hakina chumvi. Wiki ya pili hii. Nimeuliza, mke wangu akasema amesahau. Mtu anasahau chumvi wiki mbili! Shemeji akala, akalamba vidole, akasema kimekolea. Kimekolea nini? Nikamkazia macho mpaka akahamia sebuleni na sahani yake.

Kesho nanunua chumvi yangu, naiweka dukani, naifungia. Sitakuwa fundi kufuli bure.

Kisogo kinanigonga tangu asubuhi. Ni mto. Shemeji kachukua mto wangu akanipa wake. Sina ushahidi, ila mto unanuka mafuta yake ya nywele.

Jumanne, 5 Machi

Chumvi imelala salama. Kopo liko kwenye droo ya meza yangu ya kazi. Droo ina kufuli la ndani nililolitengeneza mwenyewe, ukiisukuma inajifunga yenyewe, na ufunguo ni mmoja tu dunia nzima. Uko kiunoni mwangu. Mchana nimerudishia mlango, nikajinyunyizia chumvi kwenye chakula hadi ulimi ukachemka. Raha!

Niseme hapa kwamba kila ufunguo ninaouchonga nauwekea mkwaruzo mmoja begani, mwembamba, wa mshazari. Ndiyo alama yangu. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara hana alama. Hana hata jicho.

Sasa jambo kubwa. Duka langu limepakana na la kinyozi, na ukutani kuna kidirisha. Nikikaa kwenye stuli yangu naiona televisheni yake yote. Kila Jumapili tunakusanyika kwake kuangalia mbio. Zamani palikuwa na amani, maana rimoti nilikuwa naishika mimi. Niliitengenezea kisanduku na kufuli lake. Tukiangalia, tunaangalia langalanga: vile vigari vya pua ndefu vilivyolala chini, dereva kachungulia kichwa tu. Mbio za watu wenye akili zao.

Tangu Shemeji aje, fitina tupu. Yeye ni dereva wa lori na anaabudu rali. Anasema langalanga ni msafara wa harusi, wa kwanza yuko mbele na wengine wanamfuata hadi ukumbini. Nikamwambia rali ni kusubiri vumbi. Gari linapita vuu, unabaki unatazama miti! Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, naye ni wa pikipiki. Mama mzima na miwani yake! Anapenda wanavyozilaza kwenye kona mpaka goti linasugua lami. Anasema mtu akianguka, anaamka, anajipangusa, anaangalia nani kamwona. Hizo kwake ndizo mbio, nyingine ni kuendesha tu.

Jumapili iliyopita mbio zote tatu ziligongana. Kelele! Kinyozi akageuka kutunyamazisha, mashine ya kunyolea mkononi, na mteja akapoteza nyusi. Moja. Ya kulia. Akatoka pale kama mtu anayeshangaa upande mmoja.

Kinyozi amechacha. Leo ametangaza kwamba kuanzia sasa, msimu mzima, televisheni yake itaonyesha mbio za aina moja tu, zile zinazosisimua kuliko zote. Tukubaliane wenyewe kufikia Jumapili. Tusipokubaliana anaweka vipindi vya mapishi.

Mapishi! Mimi bila langalanga Jumapili nitafanya nini? Nitatazamana na Shemeji?

Jumatano, 6 Machi

Kikao kwa kinyozi. Shemeji alitaka tupige kura. Thubutu! Ana madereva wenzake kituo kizima, angewaleta na lori. Nikapinga. Nikapanda juu ya stuli kuwaeleza jinsi langalanga wanavyobadilisha matairi manne kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Nilipofika kwenye chafya nikaona nyotanyota. Nikashika ukuta.

Kinyozi akaniletea kiti haraka. Haraka mno! Shangazi akamtazama Shemeji, Shemeji akatazama chini. Nakumbuka vizuri nani alinimiminia chai. Sitaji jina, lakini anaendesha lori.

Usiku chakula cha wagonjwa kama kawaida. Mke wangu, huku anachezea kijiko, akasema midomo ya mashabiki inadanganya, ila moyo haujui kudanganya, ukisisimka unasisimka. Shemeji akasema hasara ni kwamba moyo hauna kipimo. Mke wangu akasema kipimo kipo, mashine yake ya presha, ila kuna mwanamume mmoja humu ndani akiiona anakimbilia chooni. Kisha wote wawili wakatazama dari.

Ni kweli, sipimwi. Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, ana mashine yake mwenyewe ndani ya mkoba, amewapima majirani wote mpaka muuza mkaa. Mimi hanigusi. Mtu mzima siku akipimwa ndiyo siku anaanza kuumwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Lakini hapo hapo, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, wazo likanijia. Lenyewe! Bila msaada wa mtu! Tuwapime mashabiki presha huku wanaangalia. Mbio zitakazoipandisha zaidi, hizo ndizo zinazosisimua. Na mtu anayeijua langalanga kama mimi, moyo wake utapanda mpaka mashine iombe poo.

Hawajui walichonitia mkononi, hawa ndugu wawili. Nimelala natabasamu kwenye mto wa watu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi ufunguo wa droo haupo kiunoni! Nimepekua suruali, shati, viatu, nimempekua Shemeji akiwa amelala. Hakuna. Nimekwenda dukani roho juu. Droo imefungwa, kopo ndani linatikisika nikiigonga meza. Afadhali.

Saa nne Shangazi akaja. Ana kifunguo kidogo kimefungwa uzi mwekundu, anataka pacha wake. Akasema ni cha sanduku lake la nguo. Nikamfanyia bure, shangazi ni shangazi. Kwenye kidirisha kinyozi alikuwa anarudia rali ya wiki iliyopita, gari limepinduka mtoni, nikawa nachonga kwa jicho moja. Hata hivyo ufunguo umetoka kama umezaliwa nao! Nikauwekea alama yangu. Shangazi akauinua juu kwenye mwanga, akasema nina mikono ya dhahabu. Yeye ndiye mtu pekee katika ukoo huu anayenithamini.

Jioni nimeukuta ufunguo wangu kwenye mfuko wa suruali ileile niliyokwisha kuipekua mara tatu. Aa! Haujirudishi wenyewe. Ni Shemeji, ananifanyia mzaha ili nionekane sina kumbukumbu, nivuliwe rimoti. Nimemnunia usiku kucha. Yeye kalala fofofo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeupeleka mpango wangu wa presha kwa kinyozi. Nilijiandaa kwa mabishano ya saa nzima. Nikakuta amekubali kabla sijamaliza. Shangazi amekubali. Shemeji amekubali, tena akanipa mkono na kusema mimi nina kichwa. Nimevihesabu vidole vyangu kimoja kimoja baada ya kuachia kiganja chake.

Kwa nini wamekubali haraka hivyo? Watu hawa juzi walikuwa wanabishania rangi ya helmeti! Kuna namna.

Basi nami nikawabana kwa masharti, wote wakiwa mashahidi. Mashine ikisema, imesema. Hakuna kukata rufaa, hakuna kununa. Mbio zitakazompandisha mtu juu kuliko zote zinachukua televisheni, na mbio zitakazoonekana hazimpandishi mtu zinaondoka. Kinyozi akaniuliza kama nina uhakika na sharti hilo la mwisho. Nikamwambia hilo ndilo tamu kuliko yote.

Wapimwaji ni wanne: kinyozi, Shangazi, Shemeji na mimi. Mpimaji ni mke wangu. Nilipomwomba, akajifanya hataki, ana kazi, amechoka. Nikambembeleza. Akakubali, akageuka haraka kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya maandalizi. Kinyozi ana mbio za zamani kwenye flashi, kanipa nichague za kesho. Kosa lake! Rali nimechagua ile ya ukungu, ambapo hata dereva mwenyewe haoni gari lake. Pikipiki nimechagua ile iliyosimamishwa kwa mvua, waendeshaji wamekaa wanakula ndizi. Langalanga nimechagua ile ya kuanza kwenye maji, magari sita yanazunguka kama pia kwenye kona ya kwanza, na wa mwisho anatokea katikati ya moshi anakuwa wa pili. Nimeijaribu kidogo. Masikio yakapiga filimbi. Inafaa!

Kahawa nyeusi nimeiweka kwenye chupa. Nitakunywa kabla ya langalanga. Na kijiko cha chumvi juu yake. Nikikumbuka nitakimbia na kuzunguka jengo.

Kisogo bado. Mto bado.

Jumapili, 10 Machi

USHINDI! Naandika kwa taabu kwa sababu nimelazwa hospitalini na mkono mmoja una mrija, lakini ushindi!

Nianze mwanzo. Duka la kinyozi lilijaa. Mke wangu akaja na sare zake za kazi na mkoba. Akatukalisha, miguu isipishane, hakuna kuongea, tupumzike kwanza. Nikapinga, huko kupumzika ni mbinu ya watu wa rali, wao ndio wamezoea kusubiri. Akaniambia nifunge mdomo. Mbele ya watu!

Akaanza kutupima kabla ya mbio zozote, ati apate pa kuanzia. Kinyozi, kawaida. Shemeji, kawaida. Shangazi, kama msichana. Kisha mimi. Akaiwasha ile mashine, ikajipuliza, akaisoma. Akapima tena. Akahamia mkono mwingine. Namba akaiziba kwa kiganja, lakini mtu aliyeishi kwa kuchungulia matundu ya funguo hazibwi na kiganja. Niliiona. Mia na themanini na kitu! Shangazi alikuwa na mia na ishirini. Nimewaacha nyuma kabisa, na mbio hazijaanza!

Mke wangu akasema basi, yatosha, tufunge. Hila hiyo! Wanataka kufunga wakati naongoza! Nikapaza sauti, nikaomba langalanga ianze mara moja. Kinyozi akababaika, kidole kikabonyeza. Maji, moshi, magari sita yanazunguka. Nikainuka na mashine mkononi, yaani mkononi mwangu, imefungwa, inajipuliza yenyewe. Mke wangu akaitazama namba, akashika kichwa. Kichwa chake. Nilichungulia: mia mbili imepitwa!

Mia mbili! Hakuna shabiki wa rali aliyewahi kuiona mia mbili isipokuwa kwenye spidi ya langalanga.

Nikatangaza palepale kwamba rali na pikipiki hata hazikupimwa, zimekimbia uwanja. Kinyozi akasema sawa, sawa, langalanga imeshinda, televisheni yako, keti tu. Sauti yake ilitetemeka. Wivu. Nikataka kusema maneno ya ushindi, ulimi ukawa mzito kidogo, na Shemeji akanishika kwapani. Nje palikuwa na gari limewashwa tayari. Milango imefunguliwa tayari. Shangazi kakaa ndani tayari, na mto wangu kaupakata. Mto wangu! Ule wa zamani!

Nani huwasha gari kabla ya tukio? Niliuliza njia nzima. Mke wangu alikuwa ananishika mkono kwa nguvu na midomo yake inatembea bila sauti.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kaja asubuhi. Presha. Anasema nimekuwa nayo muda mrefu, nyotanyota na kisogo ni yenyewe. Siyo mto, kasema. Hajauona mto.

Alipotoka, mke wangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniambia yote. Mwezi mzima amekuwa akiniona nashika kuta. Kila akitaja kunipima nazira chakula. Akamweleza mdogo wake, akamweleza Shangazi, wakamweleza kinyozi. Wakakubaliana kunipitishia mlango ninaoupenda. Maneno ya mezani kuhusu moyo na kipimo waliyafanyia mazoezi jikoni. Chumvi alikuwa anaipunguza yeye. Shemeji anachukia chakula kisicho na chumvi kuliko mimi, lakini amekila wiki zote hizi ili nisikae peke yangu.

Kisha akalia. Akasema marehemu baba yangu alianguka mlangoni na kiatu kimoja mguuni, huku anasema hana kitu. Akasema yeye hataki kuokota kiatu cha pili. Nilimshika mkono. Nampenda sana mwanamke huyu, na niliogopa, niandike ukweli, niliogopa kweli kweli, kwa kitambo kizima.

Halafu nikaketi wima. Kumbe njama ilikuwepo! Walinong'ona kweli! Walikuwa wananizunguka kweli! Wiki nzima nasema kuna namna, na namna ilikuwepo! Sijawahi kujiona niko sahihi kiasi hiki. Nimemwambia hivyo mke wangu. Akafuta machozi, akasema nilale.

Jumatano, 13 Machi

Nyumbani. Vidonge asubuhi, vidonge jioni. Hakuna kahawa. Hakuna chumvi. Na sasa sikiliza, ewe karatasi: hakuna langalanga!

Daktari kasema mpaka presha itulie nisiangalie kitu kinachonisisimua. Naweza kwenda kwa kinyozi Jumapili, kukaa na wenzangu ni dawa, lakini kiwe kitu kisichonipandisha. Mke wangu akamweleza kilichotokea kwenye mashine. Daktari akaandika kwa herufi kubwa: langalanga, hapana.

Yaani nimeipigania televisheni ya msimu mzima, nimeishinda, na sasa mtu pekee mji mzima asiyeruhusiwa kuitazama ni mimi! Jumapili Shemeji atakaa kwenye kiti changu, ataangalia langalanga yangu, na wala haipendi!

Lazima kuwe na kipenyo. Kwenye kila kufuli kipo.

Ijumaa, 15 Machi

Kipenyo kimepatikana. Kama langalanga hainisisimui, naruhusiwa kuiangalia. Basi haitanisisimua. Ni kuithibitisha tu.

Nimeanza kampeni. Mezani nikasema, huku napiga miayo, kwamba nimetafakari sana hospitalini na langalanga kwa kweli inachosha. Shemeji akaacha kutafuna. Nikasema ni msafara wa harusi, wa kwanza mbele, wengine nyuma. Nikasema matairi nayo, ni matairi tu, hata baiskeli zinabadilishwa. Kwa kinyozi nikaongeza kwamba mara nyingi nilikuwa nasinzia macho wazi. Shangazi akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Wakanitazama kwa mashaka. Watu wana mashaka sana siku hizi, sijui wameyatoa wapi.

Mke wangu kakubali jaribio moja Jumapili. Atakuwepo na mashine. Presha ikitulia, naruhusiwa. Ikipanda, narudi nyumbani na sitaji tena neno langalanga mpaka mwisho wa mwaka. Mbio nimechagua mwenyewe. Ni zile ambazo namjua mshindi wake, wa pili wake, hata aliyeishiwa mafuta. Nitatazama pembe ya televisheni na kimoyomoyo nitataja aina za kufuli, kuanzia za baiskeli hadi za benki.

Jumapili, 17 Machi

Nimekaa kwenye kiti changu, miguu haijapishana, mashine mkononi. Langalanga inaunguruma. Kufuli la baiskeli. Kufuli la geti. Kufuli la kabati. Kwenye kona ya tatu wawili waligusana magurudumu, kidole gumba cha mguu kikaruka ndani ya kiatu, lakini kiatu kilikuwa cha ngozi na hakuna aliyeona. Kufuli la sefu. Kufuli la sefu kubwa.

Mke wangu akapima mwanzo, katikati na mwisho. Mara zote tatu imetulia! Karibu sawa na ya Shangazi! Mke wangu akarukaruka kama binti wa shule. Akanikumbatia mbele ya wateja wenye povu shingoni. Nikapiga ngumi hewani. Ruhusa yangu! Kiti changu! Msimu wangu!

Ndipo Shemeji, kwa upole, akakohoa. Akakumbusha masharti. Mbio zitakazoonekana hazimpandishi mtu zinaondoka. Mashine ikisema, imesema. Hakuna kukata rufaa, hakuna kununa. Akaniuliza kama si maneno yangu.

Kinyozi akasema ndiyo, ni maneno yangu, na tena tangu Ijumaa nimekuwa nikiwaambia langalanga inachosha. Kama shabiki wake mkuu anaiangalia huku presha imelala, sisi wengine tunaingoja nini? Shangazi akasema yeye anaiachia rali, pikipiki ataziangalia kwa jirani yake. Kinyozi akaniomba ufunguo wa kisanduku cha rimoti. Nikautoa. Nilijitahidi kutonuna. Sharti ni sharti.

Tumeangalia rali hadi jioni. Gari, vumbi, miti. Gari, vumbi, miti. Shemeji alinimiminia maji na kunieleza kila kona kwa jina, kwa wema kabisa. Wema wa namna hiyo hauji bure.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeamka na akili mpya. Kama mashine iliondoa langalanga kwa sababu sikupanda, mashine itairudisha nikipanda. Dawa ya kupanda ninayo dukani. Kijiko kimoja tu. Labda viwili.

Nimefika mapema, nimerudishia mlango, nimefungua droo kwa ufunguo wangu. Kufuli zima, halina hata mchubuko. Nimefungua kopo.

Vidonge! Hakuna chembe ya chumvi. Kopo limejaa vidonge vyangu vya wiki, vimefungwa viwili viwili, vya asubuhi na vya jioni. Na juu yake kifunguo. Mwizi kafungua, katoa chumvi, kasahau ufunguo ndani, kasukuma droo ikajifunga!

Nimeutazama kwa lenzi. Ufunguo wa droo yangu, pacha kamili. Una uzi mwekundu, kama ule wa Shangazi. Naona siku hizi watu wote wanapenda uzi mwekundu. Lakini kazi, jamani! Meno yamekatwa safi, mgongo laini, sijaona ufundi wa namna hii mjini hapa isipokuwa wangu. Nikaugeuza. Begani pana mkwaruzo mmoja, mwembamba, wa mshazari.

Alama yangu! Kuna fundi anaiga alama yangu! Anachonga funguo za droo zangu na kuzipiga sahihi yangu, ili siku moja niambiwe ni mimi! Nimetazama ng'ambo ya barabara. Yule fundi alikuwa anapiga mswaki. Anajifanya.

Shangazi amepita na supu yangu isiyo na chumvi. Akasimama hapo mpaka nikameza vidonge vya asubuhi, viwili. Nikamwonyesha ufunguo, nikamweleza yote, nikamwomba anisaidie kumsaka msaliti huyo. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kisha akaniahidi kwamba atanisaidia, na kwamba kwa maoni yake fundi huyo hayuko mbali.

Nimefarijika. Angalau mmoja katika ukoo huu yuko upande wangu.